FEDHA ZA KOROSHO NA VYUMBA VYA KUPANGISHA

Msimu wa korosho unapokwisha, fedha huingia kijijini kwa mkupuo. Mnada umefanyika. Chama cha msingi kimepeleka majina. Wakulima wa Masasi, Newala, Nachingwea na Tunduru wamepanga foleni benki. Ndipo mume na mke wanapoulizana jioni: Fedha hizi tuzifanyie nini?

Zamani jibu lilikuwa redio, baiskeli au bati za nyumba. Siku hizi watu wengi wanataja pikipiki. Wengine wanasema: "Tununue kiwanja mjini, tujenge vyumba vya kupangisha. Kila mwezi tutapata kodi, hata kama mikorosho haikuzaa."

Wazo hilo si baya. Nyumba ikijengwa vizuri hukaa miaka mingi. Walimu, wauguzi, mafundi na wafanyabiashara wadogo wanahitaji mahali pa kulala katika kila mji mdogo. Lakini watu wengi wamepoteza fedha zao katika kazi hii. Na wengi wao hawakuzipoteza kwa wapangaji. Walizipoteza kabla tofali la kwanza halijawekwa, siku ile waliyonunua kiwanja.

Basi tuanze na kiwanja.

UNANUNUA NINI?

Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma. Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema hivyo. Kwa hiyo unaponunua kiwanja hununui udongo. Unanunua haki ya kuutumia udongo huo, pamoja na vitu vilivyomo, kama nyumba na miti. Kama muuzaji hana haki hiyo, hawezi kukupa wewe. Hata ukimlipa milioni 10, umenunua hewa.

Haki hiyo huonyeshwa kwa karatasi. Karatasi hizo si za aina moja.

Mjini, kwenye kiwanja kilichopimwa, kuna hati miliki. Hati hutolewa kwa muda, kwa mfano miaka 33, 66 au 99. Kiwanja chenyewe kina namba na kitalu. Kwenye kona zake kuna mawe ya mpaka, yanayoitwa bikoni. Mwenye hati hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka.

Kijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila. Hii inatokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hutolewa na Halmashauri ya Kijiji. Ni hati kamili. Usidanganywe na mtu anayesema ni karatasi tu.

Kisha kuna viwanja vingi sana visivyo na hati yoyote. Hivi viko pembeni mwa miji yetu karibu yote. Zamani vilikuwa mashamba. Wenyewe wamevikata vipande na wanaviuza. Huko muuzaji na mnunuzi huandikiana karatasi ya mauziano, na bei yake ni nafuu. Mkulima mwenye fedha kidogo huanzia huko, na huko ndiko hatari ilikojaa.

SIKU YA KWENDA KUTAZAMA

Dalali atakupeleka. Mwenye kiwanja atakuonyesha mipaka kwa kidole. Kisha atasema, "Ndugu yangu, kuna mtu anakuja saa nane na fedha mkononi. Ukichelewa utakikosa."

Ukisikia maneno hayo, rudi nyumbani. Kiwanja hakikimbii. Muuzaji wa kweli anaweza kukusubiri siku 3 au wiki moja ili uulize watu. Anayekukimbiza ana jambo analolificha, au ana madeni. Hata kama anasema kweli, viwanja vingine vipo.

Rudi siku nyingine bila dalali. Nenda na mtu unayemwamini. Wapigie hodi majirani wa pande zote 4. Waulize: Kiwanja hiki ni cha nani? Alikipataje? Je, kuna mtu mwingine aliyewahi kuja kukipima kwa miguu? Jirani hana faida katika biashara yenu, na mara nyingi anajua mengi kuliko ofisi. Atakuambia kama kiwanja kimekwisha kuuzwa. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili ni jambo la kawaida, tena la kawaida mno.

Uliza pia kama ni kiwanja cha urithi. Baba akifa, mali yake ni ya warithi wote. Mtoto mmoja hawezi kuuza peke yake kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwambie akuonyeshe barua ya mahakama. Akikwambia "wadogo zangu wamekubali," mwambie awalete hao wadogo zake.

Muulize muuzaji kama ameoa. Kama ameoa, mkewe awepo, akubali, na atie sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwanamke aliyeuziwa nyumba kwa siri anaweza kwenda kwenye baraza kuizuia, na atakuwa na haki. Wewe utabaki na karatasi yako mkononi. Mara nyingi fedha zimekwisha kuliwa.

Sasa pima kwa hatua. Kama kiwanja kiko karibu na barabara kuu au barabara ya mkoa, simama katikati ya barabara. Tembea kuelekea kwenye kiwanja. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande, kuanzia katikati. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Ndani ya hatua hizo usinunue wala usijenge. Umeona nyumba zenye alama ya X nyekundu ukutani? Baadhi yake zilijengwa na watu waliotaka kuwa karibu na barabara kwa ajili ya biashara. Aliyejenga humo baada ya sheria hiyo asitegemee fidia.

Fanya hivyo pia kwenye mto au ziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ni kama hatua 80. Na hata pasipo sheria, njoo utazame kiwanja hicho wakati wa masika. Kiwanja kinachopendeza mwezi wa Agosti kinaweza kuwa bwawa mwezi wa Machi. Wauzaji wanajua hivyo. Ndiyo maana viwanja vya bondeni huuzwa kiangazi.

KWENYE OFISI

Kama kiwanja kimepimwa, nenda Ofisi ya Ardhi ya Halmashauri. Chukua namba ya kiwanja na ya kitalu. Omba upekuzi. Kwa upekuzi utajua jina la mmiliki lililoandikwa. Utajua kama kuna deni la kodi ya pango la ardhi. Utajua kama benki imekishika kiwanja hicho kwa sababu ya mkopo. Utalipa ada, na utapewa stakabadhi. Ada hiyo ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kiwanja.

Kama hakijapimwa, uliza kwenye ofisi hiyo hiyo: Eneo hili limepangiwa matumizi gani? Pengine kwenye ramani ya mipango miji pameandikwa shule, soko au barabara. Muuzaji hatakuambia. Ramani itakuambia.

Kama ni ardhi ya kijiji, mauziano hayakamiliki kwa mihuri ya mwenyekiti peke yake. Halmashauri ya Kijiji lazima ikae na kutoa idhini, na jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mahakama ya Rufani imetamka zaidi ya mara moja kwamba kuuza ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Omba nakala ya muhtasari wa kikao. Itunze pamoja na karatasi yako ya mauziano.

Karatasi ya mauziano nayo iandikwe vizuri. Iwe na majina kamili ya pande zote mbili, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, ukubwa wa kiwanja, na majina ya majirani wa mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Muuzaji aweke sahihi na dole gumba. Majirani wawe mashahidi. Ukiweza, mwandikiwe na wakili. Wewe sasa unajua kusoma. Soma kila mstari kabla ya kutia sahihi, na usione haya kusoma polepole mbele ya watu. Fedha ni zako.

Lipa kupitia benki au simu, ili kumbukumbu ibaki. Usibebe milioni 2 kwenye mfuko wa plastiki.

Na jina gani litaandikwa kama mnunuzi? Kama fedha ni za korosho zilizopaliliwa na kuokotwa na mume na mke, yaandikwe majina mawili. Akina baba wengine hapo hunyamaza. Lakini fikiria siku utakapokufa. Ndugu zako watakuja. Jina la mama watoto likiwa kwenye karatasi, yeye na watoto hawatahangaika kuthibitisha kwamba nao walichangia.

HESABU YA VYUMBA

Umepata kiwanja. Sasa chukua kalamu. Hesabu hii ni mfano tu. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo weka namba zako.

Tuseme kiwanja kimegharimu shilingi 2,000,000. Vyumba 4, pamoja na choo na umeme, vimegharimu shilingi 14,000,000. Jumla umetumia shilingi 16,000,000.

Kila chumba unakipangisha kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Vyumba 4 ni shilingi 120,000. Kwa mwaka ni shilingi 1,440,000. Hapo ndipo watu wengi huacha kuhesabu, wakatabasamu.

Endelea. Mpangaji huhama, na chumba hukaa wazi. Tuseme kila chumba kinakaa wazi miezi 2 kwa mwaka. Zinabaki shilingi 1,200,000. Kitasa kimevunjika, bati linavuja, rangi imechakaa. Toa shilingi 150,000. Choo kimejaa, kuna kodi za serikali, kuna nauli yako ya kwenda na kurudi. Toa shilingi 100,000. Zinabaki shilingi 950,000.

Gawa shilingi 16,000,000 kwa shilingi 950,000. Utapata karibu miaka 17. Ndio muda wa kurudisha fedha zako.

Usikate tamaa kwa hesabu hiyo. Baada ya miaka 17 nyumba bado ipo, na kiwanja pengine kimepanda thamani. Lakini sasa unajua kwamba vyumba vya kupangisha si mavuno ya msimu mmoja. Ni kama kupanda mikorosho mipya. Unasubiri. Kwa hiyo usiweke humo fedha za ada ya shule ya mwaka huu, wala fedha za chakula, wala za dawa ya kupulizia mikorosho iliyokupa fedha hizo. Na usiuze shamba linalokulisha ili ujenge vyumba. Shamba likienda ndipo utakapojua bei ya unga.

Watu wengine husema: Nitakopa, wapangaji watalipa mkopo. Rudi kwenye karatasi. Ukikopa shilingi 5,000,000 na kutakiwa kulipa kwa miaka 3, fedha ulizokopa peke yake, bila riba, ni karibu shilingi 139,000 kila mwezi. Kodi ya vyumba vyote 4, vikiwa vimejaa, ni shilingi 120,000. Mkopo huo utaulipa kwa kitu kingine, na riba juu yake. Kama uliweka shamba dhamana, kitu hicho kinaweza kuwa shamba.

JENGA KIDOGO KIDOGO, LAKINI UMALIZE

Pita pembeni mwa mji wowote utaona mapagale. Kuta zimesimama, paa hakuna, majani yameota ndani. Mwenyewe alianza vyumba 6 na fedha za vyumba 2. Mvua inakula kuta, na watu wanaiba mbao. Pagale halina mpangaji.

Ni afadhali vyumba 2 vyenye paa, mlango na choo. Vyumba hivyo vitapata watu, na msimu ujao utaongeza viwili. Omba kibali cha ujenzi kwa mchoro wa nyumba yote, kisha jenga sehemu kwa sehemu. Fundi mlipe kwa hatua: msingi ukiisha, lipa msingi; kuta zikiisha, lipa kuta. Usimpe fedha zote siku ya kwanza, hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Tofali za saruji zimwagiliwe maji siku 7 zipate nguvu. Unaponunua bati, uliza geji. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba zaidi. Namba ikipanda, bati linapungua unene. Wauza bati wengine hawalisemi jambo hili mpaka uulize.

Kama bado huna fedha za kujenga, usikiache kiwanja peke yake. Zungushia minyaa au michongoma. Nenda kukitazama mara kwa mara. Bikoni huweza kung'olewa, na jirani akapanda migomba hatua 5 ndani ya mpaka wako. Ukinyamaza miaka mingi utachelewa. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inatoa miaka 12 ya kufungua madai ya ardhi. Tena, kama una hati miliki, soma masharti yake. Kuna muda uliowekwa wa kukiendeleza kiwanja.

WAPANGAJI

Kabla hujajenga, uliza nani atakaa humo. Karibu na shule ya sekondari watakuja walimu. Karibu na stendi watakuja wafanyabiashara, ambao huhama upesi. Mwalimu atataka umeme na maji. Bila maji, chumba cha shilingi 30,000 kitapangishwa kwa 15,000.

Andikianeni mkataba, hata ukiwa wa ukurasa mmoja. Uonyeshe kodi ni kiasi gani, inalipwa lini, nani analipa umeme, na kila upande utoe taarifa ya muda gani kabla ya kuachana. Toa stakabadhi kila unapopokea fedha, na ubaki na nakala. Ugomvi mkubwa katika nyumba za wapangaji wengi ni LUKU. Huyu ana jokofu, yule ana taa moja. Weka mita ndogo kwa kila chumba na ugomvi utapungua. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama mpangaji ndiye anayenunua umeme, mrudishie, au iandikeni wazi kwenye mkataba.

Mpangaji asipolipa, usimng'olee mlango wala bati. Wenye nyumba wamefanya hivyo, wakajikuta wao ndio wenye kesi. Mwandikie taarifa. Asiposikia, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ukiwa na mkataba na stakabadhi zako.

Mgogoro wa mpaka huko kijijini huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji. Hilo lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Baraza la Kata nalo hupatanisha. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi, kwa hiyo mkishindwa kupatana hapo, shauri huenda Wilayani. Peleka karatasi zako zote, na uwache nakala nyumbani.

Pengine baba yako aliwahi kukuambia kwamba kupangisha nyumba ni unyonyaji. Hakulitoa hewani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliwaondolea viongozi katazo lile. Leo mkulima mwenye vyumba 2 havunji sheria yoyote, mradi alipe kodi na amtendee mpangaji kwa haki. Wapangaji wenyewe, ukiwauliza, wanataka mambo machache tu: paa lisivuje, choo kisijae, na mwenye nyumba asiingie chumbani bila hodi.

Kama umekwisha kuona kiwanja na hujalipa, subiri kwanza. Andika namba yake na kitalu, au majina ya majirani zake 4. Jumatatu Ofisi ya Ardhi hufunguliwa asubuhi.